Mdomo wa Kuazima

Mimi ndiye mdomo wa mtaa wa Mbegen. Usinione najisifu, hii ni kazi ya urithi, nimeipokea kwa baba, na baba kwa babu, na kama katika ukoo wetu wa Mboup kuna aliyewahi kuzaliwa mkimya basi huyo walimficha. Kwetu mtu mwenye heshima zake hapazi sauti mbele ya watu. Ananong'ona, tena kwa mkato, na mpaza sauti aliyekaa ubavuni pake anayapokea yale maneno, anayanyoosha, anayapiga pasi, kisha anayafikisha kwa hadhara nzima. Harusini nipo, watoto wakipewa majina nipo, msibani nipo. Vipaza sauti vya umeme vimeenea Dakar yote, lakini Mbegen bado wananiita mimi, kwa sababu chombo cha umeme hakijui neno gani la kulainishwa na lipi la kuachwa na makali yake.

Basi mdomo huuhuu wa baba na babu nusura utukoseshe uwanja.

Uwanja wetu ni mchanga mtupu, umezungukwa na nyumba thelathini. Mgeni akipita anadhani ni kiwanja kilichosahauliwa na mwenyewe. Lakini Idi tunaiswalia pale, maiti tunawaswalia pale, na ugomvi wa mke na mume ukiwashinda wazazi unaletwa pale. Mji ulikuwa unatusogelea taratibu, ghorofa hii leo, ghorofa ile kesho, mpaka kampuni moja ya ujenzi ikaleta ramani: minara mitatu ya ghorofa kumi na mbili, fleti mia mbili, na pale penye uwanja wamechora vistari vyeupe vimejipanga. Nikamwuliza mtu wa manispaa vile vistari ni nini. Akasema ni maegesho ya magari.

Manispaa yetu ina sheria yake. Mradi mkubwa ukija, anateuliwa kamishna wa kuuchunguza. Kati ya wenye nyumba thelathini zinazopakana na uwanja, wakikataa kumi na sita, kila mtu kwa jina lake na kwa sababu zake, ramani inarudi kuchorwa upya na wakazi wanakaa mezani na wachoraji. Wakipungua hata mmoja, mashine zinaingia. Njia za kukatalia zilikuwa mbili: uandike kwenye daftari lililowekwa manispaa kwa siku kumi na tano, au useme kwenye kikao cha hadhara. Daftari hatukuligusa. Tuandike ya nini, na mdomo tunao?

Siku ya kikao nilivaa bubu langu la buluu, vazi letu pana la heshima, lile lililotiwa wanga mpaka linasimama lenyewe. Walikuja watu mia mbili na sitini. Kamishna alikuwa Bwana Badji, mtu wa kusini, Mdiola, mrefu na mpole, na ubavuni alikuwa na karani kutoka kwao hukohuko, kijana nadhifu aliyeandika bila kuinua kichwa. Watu wakawa wanakuja mmoja mmoja, wanachuchumaa kando yangu, wananinong'oneza, nami nawafikishia. Mjane akaleta yake. Wakausha samaki wakaleta yao. Pape Ndir, fundi gereji, ambaye aliitaka minara kwa moyo wake wote, naye akaja akanong'ona, na mimi, ingawa nilitamani kumfinya, nikayatoa maneno yake yote bila kupunguza, kwa sababu mpaza sauti hana upande. Ndir ana watoto wa kiume wanne waliooa na nyumba yake ina vyumba vitatu. Si mtu mbaya.

Wa mwisho alikuwa Hajati Marème Ndoye. Huyu ni mwenyekiti wa kina mama wa Mbegen miaka thelathini sasa, mwenye masufuria makubwa ya shughuli zote, mwenye nyumba namba nne, mwanamke ambaye akikutazama tu unaanza kutubu kosa ambalo hujalifanya. Alinong'ona maneno machache tu. Hakatai ghorofa, alisema. Watoto wetu wanalala kama dagaa, lazima tujenge kwenda juu. Ila ziwe nne, si kumi na mbili, uwanja ubaki, na vyumba vya chini wapewe watoto wa hapahapa kwa kodi wanayoiweza. Nikayachukua maneno yale nikayapa mabawa. Wacha we. Wazee walilia, akina mama wakavua vilemba wakavirusha. Nilirudi nyumbani sauti imekauka na moyo umeshiba, nikamwambia mke wangu kwamba mradi ule umekwisha, aniletee kahawa.

Wiki tatu baadaye binti yangu Coumba aliingia uani na karatasi mkononi, hajavua hata viatu. Coumba ana kazi kwenye duka la kurudufu lililo mkabala na manispaa, na kumbukumbu za kikao zilikuwa zimeletwa zirudufiwe nakala thelathini. Anaishi kwangu na mumewe Alioune na watoto watatu, katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Akanikalisha chini akaanza kunisomea.

Waliohudhuria: mia mbili na sitini. Waliozungumza: mmoja.

Nikamwambia asome vizuri. Akasema anasoma vizuri. Iliandikwa kwamba Bwana Ngalla Mboup alijitambulisha kuwa mjane mwenye watoto saba. Kwamba baadaye alisema anakausha samaki nyuma ya nyumba na moshi wa magari utamharibia biashara. Kwamba yeye ni fundi gereji na anaunga mkono mradi asilimia mia. Kwamba dakika tano baadaye aliupinga mradi huohuo kwa ukali. Kwamba mwaka uliopita alijifungua katika chumba kisicho na dirisha. Mwishoni karani alikuwa ameongeza maoni yake: mkazi mmoja, misimamo ishirini na minane, inayogongana, huenda bwana huyu hajisikii vizuri kiafya.

Coumba alicheka pale penye kujifungua. Hata mimi nilicheka. Kisha kicheko kikatuishia wote wawili, maana daftari lilikwisha kufungwa, na kwenye karatasi ya serikali aliyeutetea uwanja wetu ni mtu mmoja, tena mgonjwa wa akili.

"Umewameza wote, baba," akaniambia. "Mia mbili na sitini. Umewameza na kanzu zao."

Nikamjibu kwa hasira kwamba mimi nimefanya kazi yangu kama ilivyofanywa tangu enzi za mababu, na kama karani hajui desturi za watu ajifunze. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema jambo ambalo hakuwa amenieleza. Kwamba yeye, mwanangu wa kumzaa, alipoiona ile minara kwenye ramani, moyo wake ulifurahi. Kwamba amechoka kuvaa nguo amelala chali nyuma ya pazia. Kisha akaulizia bei, akaona fleti moja ni mishahara yake na ya Alioune ya miaka arobaini, ndipo furaha ikamtoka.

"Ghorofa nne za Hajati ndizo ninazozitaka," akasema. "Lakini humu hazimo. Humu ni wewe umesema unazitaka, baada ya kujifungua."

Kesho yake asubuhi nilikuwa mlangoni kwa kamishna kabla mfagiaji hajamaliza. Niliongozana na mzee Waly Faye, jirani yangu wa nyumba namba kumi na mbili, kwa makusudi: Waly ni Mserer, na Waserer na Wadiola ni watani tangu dunia haijakauka. Alipoingia tu akamwuliza Bwana Badji ni lini watumwa wamenunuliwa viti vya kuzunguka. Badji akamjibu kwamba kiti hiki kinazunguka ili kimwonyeshe mwizi wa mpunga anapoingia. Wakacheka, na mambo yakawa mepesi.

Niliyaeleza yote. Kamishna alishika kichwa. Alikuwa ameona desturi yetu kwa macho yake, alisema, lakini karatasi hakuijaza yeye. Akamwita karani. Yule kijana alikuja, akasimama wima, wala hakutetemeka. Kwenye fomu, alisema, safu imeandikwa "aliyesema". Yeye aliinua kichwa mara ishirini na nane na mara zote ishirini na nane aliyekuwa akisema ni mzee huyu hapa. Afanyeje, aandike asichosikia? Kwao mtu akiwa na neno anasimama analisema. Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Kila alichosema kilikuwa kweli.

Bwana Badji akatupa kikao kimoja cha ziada, Alhamisi, baada ya alasiri, palepale uwanjani. Ila safari hii, alisema, kila mwenye nyumba ataje jina lake na kutoa maneno yake kwa mdomo wake mwenyewe, kwa sauti itakayosikika na waliohudhuria. Mwakilishi hakuna. Akanitazama mimi aliposema hivyo, kwa huruma, na huruma ile ilinichoma.

Tukahesabu. Katika nyumba thelathini, tisa zilitaka minara, Ndir na wenzake, na walikuwa na haki yao. Tano zimefungwa, wenyewe wako Italia na Hispania, wanatuma tu picha za theluji. Zilibaki kumi na sita. Zilizohitajika ni kumi na sita. Hapakuwa na wa kuugua, hapakuwa na wa kusafiri, hapakuwa na wa kuona haya.

Siku nne zile nilikuwa mwalimu. Nilipita nyumba hadi nyumba kufundisha watu kusema, kazi ambayo baba yangu angenitandikia bakora, kwani ni sawa na mganga kugawa mizizi bure sokoni. Mjane wa namba tisa alikuwa akilia kila akifika kwenye jina lake. Nikamwambia alie, kisha aendelee, machozi hayajakatazwa na sheria. Mzee Waly tatizo lake lilikuwa kinyume: akianza hasimami, anaingia kwenye vita vya babu yake na farasi wa babu yake. Nikamfunga kwa kiapo cha sentensi tatu. Kufikia Jumatano nilikuwa na watu kumi na wanne walioiva, na mimi wa kumi na tano.

Kwa Hajati Marème nilikwenda mwisho kwa sababu nilijua nitakachokikuta.

Hapa lazima niseme jambo ambalo miaka thelathini nimelificha hata kwa mke wangu. Mbegen nzima inajua Hajati hapazi sauti kwa sababu ya daraja lake. Nyumbani kwake anaamuru kwa macho na kwa kidole, barabarani anaitikia salamu kwa kichwa, na watu wanasema tazameni heshima, tazameni mwanamke wa kale. Ukweli ni kwamba Hajati ana kigugumizi. Kizito, cha kumkaba koo mpaka mishipa ya shingo inasimama. Akinong'ona hakimshiki, maneno yanateremka tu kama maji. Akitia sauti, kinamkamata neno la kwanza. Mimi ninajua kwa sababu mwaka ule wa kwanza wa uenyekiti aliniambia mwenyewe, na akaniapisha. Alipokuwa msichana alisimama mara moja kwenye mkutano wa kina mama, akakwama, na wenzake wakacheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku hiyo alijenga enzi yake yote juu ya mnong'ono na juu ya mdomo wangu.

Nilimkuta akipanga masufuria. Nikamweleza: kumi na tano wako tayari, amebaki yeye. Akaendelea kupanga. Nikamwambia nitazungumza na kamishna aruhusu amnong'oneze karani sikioni. Nilikuwa nimeshakwenda kuuliza, kusema kweli, na kamishna alikuwa amekataa, lakini nilitaka kumpa kitu cha kushika. Akanitazama, akajua.

"Watanicheka, Ngalla," akaninong'oneza. "Wale niliowakemea miaka thelathini. Binti zao niliowanyoosha. Wote watakuwa pale."

Nikamwambia hawatacheka. Akaniuliza nimejuaje, au nimepewa utabiri. Nikasema basi, wacha wacheke, uwanja utabaki. Akakaa kwenye kigoda akaniambia kwa mnong'ono uleule kwamba uwanja ule anaupenda kuliko ninavyoupenda mimi. Mumewe ameswaliwa pale na wanawe wawili. Lakini mimi, alisema, naomba mtu avue nguo mbele ya watu, na ninaomba kama naomba chumvi. Akaniambia niende zangu. Nilitoka nimejaa hasira, si kwake, kwa nafsi yangu, maana mdomo wangu wote ule, uliosifiwa kutoka Yoff hadi Rufisque, siku hiyo haukuwa na kazi yoyote ya kumfanyia.

Alhamisi uwanja ulijaa kuliko mara ya kwanza. Kamishna alikaa, karani akakunjua fomu zake. Kina Ndir walijitenga upande mmoja, wametulia, wanahesabu kama sisi tulivyokuwa tunahesabu. Hajati hakuwapo. Kiti chake cha mbele kilikuwa kitupu.

Walianza. Mjane alilia kwenye jina lake, kisha akaendelea, na karani akasubiri kalamu ikiwa juu. Mzee Waly akasema sentensi zake tatu, akatazama upande wangu, akaiba ya nne kuhusu farasi, akakaa. Mmoja aliongea akiwa ameufumba uso kwa viganja. Mwingine alisema neno moja tu, "Sitaki", na kamishna akamwomba sababu, akasema, "Sababu ni kwamba sitaki magari pale alipolala baba kabla hajazikwa," na hiyo ilikuwa sababu nzuri kuliko zote nilizowahi kuzipiga pasi. Mimi nilikaa mchangani katikati ya watu, mikono magotini, nikisikia maneno ya majirani zangu yakitoka yakiwa mabichi, na nitasema ukweli: roho iliniuma, kwa sababu hayakunihitaji.

Nilijiweka wa kumi na tano makusudi, nirefushe. Nikiwa na nafasi nitapiga domo saa nzima mpaka Hajati aje, ndiyo hesabu yangu. Nikasimama. Nikataja jina langu na namba ya nyumba, kumi na moja. Kisha nikafungua mdomo nikakuta hamna kitu. Miaka thelathini na minane nimesema ya watu. Yangu sikuwahi kuyaandaa. Nilisimama pale kama mwizi aliyemulikwa tochi. Nikamwona Coumba, mtoto mgongoni, ananitazama bila kupepesa.

"Binti yangu analala nyuma ya pazia na mume na watoto watatu," nikasema. "Jengeni, apate chumba. Lakini msijenge juu ya watu."

Nikakaa. Saa nzima niliyoikusudia ilikuwa imetumia pumzi tatu. Karani akaandika. Bwana Badji akasema, "Kumi na tano," akauliza kama kuna mwingine. Akauliza mara ya pili. Ndir akainamisha kichwa, na sikuona furaha usoni mwake, ila aliinamisha kichwa kama mtu aliyeshinda.

Ndipo watu wa nyuma wakaanza kupisha. Hajati Marème alikuwa amesimama huko muda wote, miongoni mwa wanawake wa mtaa wa pili, amejitanda shuka la kawaida la nyumbani ili asijulikane. Akaja mpaka mbele. Hakukikalia kiti chake. Mimi nikainuka kwa mazoea, nikatoa hatua kuelekea ubavuni pake na sikio limetangulia, na akaninyooshea kiganja nisimame.

"M-m-mi," akasema. "Mi-mi-mimi M-M-M..."

Jina lake lenyewe ndilo lililomkaba. Shingo ilikaza, macho yakafumba, taya ikatikisika na neno likakataa kutoka. Uwanja mzima ulikuwa unatazama. Waliozaliwa chini ya amri ya mwanamke yule, waliodhani wanamjua, walikuwa wanamwona kwa mara ya kwanza. Mahali fulani kushoto mtu akacheka, kicheko kifupi cha puani. Pape Ndir akageuka na mwili wake wote wa fundi gereji.

"Funga mdomo," akamwambia. "Hajati anasema."

Mimi neno nilikuwa nalo. Lilikuwa mdomoni mwangu, zima, tamu, Marème Ndoye, nilichotakiwa ni kulitoa tu na mateso yale yangekwisha. Hakuna aliyejua uzito wa jambo lile isipokuwa Mungu. Nikatia pindo la bubu mdomoni nikaliuma kwa meno yote niliyobakiwa nayo, machozi yakinitoka, na nikakaa chini.

Ilichukua muda mrefu. Sikuhesabu, lakini muadhini wa msikiti wa pili aliadhini akamaliza na Hajati alikuwa bado kwenye namba ya nyumba. Alikuwa akianguka kwenye neno, ananyanyuka, analirudia tangu mwanzo, halikwepi wala halibadilishi. Na katikati ya kukwama kule nilisikia sauti yake. Kumbe sikuwahi kuisikia. Miaka yote nilikuwa napewa pumzi tu. Ilikuwa sauti nzito ya kike, ina mkwaruzo kidogo, sauti ya mtu mwenye nyumba.

Mwishowe yalikuwa yametoka yote. Mimi Marème Ndoye, nyumba namba nne. Ghorofa nne. Uwanja ubaki. Vyumba vya chini wapewe watoto wetu. Karani alikuwa ameweka kalamu chini zamani, anamtazama, na alipomaliza akaiokota akaandika haraka haraka. Nilidhani Hajati amemaliza. Lakini aligeuka akampa mgongo kamishna, akatutazama sisi, watu wake.

"M-mlikuwa m-mkidhani ni heshima," akasema. "N-n-nilikuwa naogopa."

Hakuna aliyerusha kilemba. Mjane wa namba tisa alikwenda akamshika mkono, na wakarudi pamoja mpaka kwenye kile kiti cha mbele. Bwana Badji alizihesabu fomu mara mbili.

"Kumi na sita," akasema.

Ramani ilirudi kuchorwa. Tulikaa mezani miezi mitatu, na usidhani ilikuwa mteremko. Kampuni ilitaka ghorofa nane, sisi nne. Ndir, ambaye tulimkalisha upande wetu wa meza kwa sababu ya wanawe wanne, akapigania sita kama simba, na tukaishia tano. Majengo yamerudishwa nyuma ya nyumba, kwenye viwanja vya zamani vya kuhifadhia magunia, na vyumba arobaini vya chini ni vya watoto wa Mbegen, kwa kodi iliyoandikwa na kutiwa muhuri. Coumba yumo kwenye orodha. Ameshaanza kugombana na Alioune juu ya rangi ya ukuta ambao haujajengwa.

Mimi bado nafanya kazi yangu. Harusi hazijakoma na wazee bado wananong'ona. Ila siku wachoraji walipoleta ramani ya mwisho uwanjani na kuitandika mezani, nilikwenda kama kawaida nikajipachika ubavuni pa Hajati, nikainamisha sikio karibu na mdomo wake, nikasubiri. Yeye alikuwa ameinama anakagua mstari baada ya mstari, na yule mchoraji mkuu, bwana wa tai na miwani, alikuwa amesimama mbele yake anatoka jasho.

"S-s-sogeza kichwa, Ngalla," akasema, kwa sauti, wote wakisikia. "S-sioni mlango."